Kabla ya Kutia Chochote Jichoni: Mwongozo wa Magonjwa ya Macho Tunayokutana Nayo Mara kwa Mara

Jicho likianza kuwasha au kuona ukungu, wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili: husubiri litulie lenyewe, au hufungua kabati na kutia matone aliyoandikiwa mtu mwingine mwaka jana. Kusubiri kuna mahali pake, lakini matone ya mtu mwingine hayana, kwa sababu magonjwa ya macho hutofautiana sana hata pale dalili zake zinapofanana. Macho mekundu yanayoletwa na virusi hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili, ilhali kidonda cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ambacho nacho huanza kwa wekundu uleule, kinaweza kulitoboa jicho katika siku chache. Mwongozo huu unafuata maswali ambayo mgonjwa au mlezi anapaswa kujiuliza, kwa mpangilio huohuo, ili ajue nani anaweza kusubiri, nani aende zahanati kesho asubuhi, na nani asilale nyumbani usiku wa leo.

Hatua ya kwanza: pima kila jicho peke yake

Macho mawili husaidiana, na msaada huo ndio unaoficha ugonjwa. Mtu anaweza kuishi miezi mingi na jicho moja lililopoteza uoni bila kutambua, mpaka siku jicho zima litakapoingiwa na vumbi. Kwa hiyo, kabla ya kutazama wekundu au uvimbe, osha mikono kwa sabuni, keti mahali penye mwanga wa kutosha, kisha funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Mwenzako asimame mita 3 mbele yako na akuonyeshe vidole viwili, vinne, kimoja, akibadilisha bila utaratibu, nawe umwambie ni vingapi. Rudia kwa jicho la pili. Kipimo hiki kinaonekana cha kitoto, lakini kinakaribiana na mpaka ambao Shirika la Afya Duniani hutumia kutenganisha upofu na uoni hafifu.

Kwa upungufu mdogo zaidi, kalenda ya ukutani inatosha. Chagua mstari wa tarehe, simama palepale kila mara, na ulinganishe jicho la kulia na la kushoto. Ikiwa jicho moja linasoma na jingine halisomi, una jambo la kumweleza mtaalamu hata kama huumwi popote. Andika ulichokiona pamoja na tarehe. Daktari atakuuliza tatizo lilianza lini, na jibu la "siku nyingi kidogo" halimsaidii.

Hatua ya pili: tafuta dalili zisizosubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa uoni umepungua ghafla, ikiwa jicho linauma kwa ndani na si kuwasha tu, ikiwa mwanga unaliumiza kiasi kwamba huwezi kulifungua, au ikiwa doa jeupe limejitokeza juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Maumivu makali yanayoambatana na kichwa kuuma, kutapika na kuona miduara ya rangi kuzunguka taa huashiria kwamba presha ya ndani ya jicho imepanda kwa mkupuo. Wagonjwa wa namna hii wakati mwingine hutibiwa tumbo au malaria huku jicho likifa. Kuona vimulimuli vya mwanga, vidoa vingi vinavyoelea na kisha kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja ni dalili ya kubanduka kwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na hiyo haina maumivu hata kidogo.

Kemikali ina utaratibu wake wa pekee: tiba huanza kabla ya safari. Saruji, chokaa, tindikali ya betri, magadi ya kutengenezea sabuni au dawa ya kuulia wadudu ikiingia jichoni, mlaze mtu, fungua kope kwa vidole, na umwagie maji safi mfululizo kwa muda usiopungua nusu saa, ukitoa chembe zilizoganda chini ya kope. Usitafute maji maalumu. Maji ya bomba yanafaa. Watu huiogopa zaidi tindikali, lakini chokaa na saruji mara nyingi huharibu zaidi, kwa kuwa huendelea kupenya ndani ya jicho baada ya maumivu ya kwanza kupungua. Utaratibu huohuo unamfaa aliyetemewa mate na swila: maji mengi, mara moja, kisha hospitali. Maziwa ya mama, sukari, mkojo na maji ya majani havina kazi hapo.

Jicho lililotobolewa na msumari, mwiba au kipande cha chuma halioshwi wala halibonyezwi. Kitu kilichochoma kiachwe kilivyo, jicho lizibwe kwa kifuniko kigumu kisichogusa mboni (hata kitako cha kikombe cha karatasi kinatosha), na safari ianze.

Hatua ya tatu: litofautishe jicho jekundu

Ikiwa dalili za hatari hazipo na uoni ni ule wa kawaida, jicho jekundu kwa kawaida lina moja kati ya sababu tatu, na mtu makini anaweza kuzitofautisha kwa kutazama kinachotoka jichoni.

Majimaji mepesi kama machozi, pamoja na hisia ya mchanga ndani ya jicho, huletwa zaidi na virusi. Huanza jicho moja na kuhamia la pili baada ya siku moja au mbili, na mara nyingi nyumba nzima hufuata. Mlipuko wa mwezi Januari 2024, uliowakumba watu wa Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania na kisha Mombasa na pwani ya Kenya, ulikuwa wa aina hii, na wengi walioupata wanakumbuka jinsi duka la dawa lilivyokuwa na foleni. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, na hivyo foleni ile, kwa sehemu kubwa, haikuwa na faida. Kinachosaidia ni kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, kidonge cha kutuliza maumivu, kutoshirikiana taulo na mito, kunawa mikono kila baada ya kugusa uso, na kutokwenda kazini au shuleni hadi majimaji yakauke. Ugonjwa ukizidi wiki mbili, au uoni ukipungua, muone mtaalamu. Ghana ndiko aina moja ya ugonjwa huu, ile inayotoa damu chini ya ngozi nyeupe ya jicho, ilikotambuliwa kwanza mwaka 1969, na kwa kuwa ni mwaka uleule chombo cha Apollo 11 kilipofika mwezini, watu waliubandika jina hilohilo la Apollo.

Tongotongo nzito za njano au kijani, zinazoyafanya macho yagandane asubuhi, hutokana na bakteria. Zifute kwa pamba iliyolowekwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukianzia upande wa pua kuelekea nje, pamba moja kwa kila mfuto. Mtoa huduma huandika matone ya antibiotiki kama kloramfenikoli, au malhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, kwa siku tano hadi saba. Tofauti inapaswa kuonekana ndani ya siku mbili au tatu. Isipoonekana, rudi, usiongeze dawa nyingine juu yake.

Muwasho mkali usio na tongotongo nzito, hasa kwa mtoto anayesugua macho mwaka mzima mpaka ngozi nyeupe inageuka kahawia, ni mzio. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana kwa watoto wa Afrika Mashariki, nao hupungua wanapovuka balehe. Mtoto asisugue, kwa kuwa kusugua kwa miaka kunaweza kulegeza konea na kuibadili umbo. Anawishwe uso kwa maji baridi, na apewe matone ya mzio, kwa mfano kromoglikati, ambayo hufanya kazi polepole na hutumiwa kwa wiki nyingi.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Madukani kuna matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, hasa deksamethasoni, mara nyingine yakiwa yamechanganywa na antibiotiki katika chupa moja. Yakitiwa kwenye jicho lenye mzio huondoa wekundu na muwasho kwa siku moja, kiasi kwamba mzazi huyasifu kwa jirani. Lakini yakitumiwa kwa miezi bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na yakitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha fangasi au cha virusi vya malengelenge hulisha ugonjwa badala ya kuuzima. Soma maandishi ya boksi kabla ya kulipa. Ukiona neno linaloanzia au kuishia na "dexa", "pred" au "beta", mwulize muuzaji ni nani aliyeandika dawa hiyo. Ikiwa hakuna, irudishe.

Chokea ni jambo jepesi zaidi. Ni kijipu kwenye shina la ukope, na hutibiwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku, mpaka kipasuke chenyewe. Usikikamue. Kinyama kinachoota kutoka pembeni mwa jicho kuelekea kwenye mboni, ambacho wavuvi, wakulima na madereva wa bodaboda hukipata kutokana na jua, upepo na vumbi, hakihitaji upasuaji mpaka kianze kufunika uoni au kusumbua. Miwani ya jua na kofia hukichelewesha. Hata hivyo, kinyama kinachokua haraka, chenye sura ya kokwa au rangi nyeupe isiyo sawa, kionwe mapema, kwa kuwa saratani ya ngozi ya jicho inaweza kujifanya kinyama, hasa kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi.

Hatua ya nne: lichukulie jani lililochapa jicho kuwa jeraha

Wakati wa kuvuna mahindi au kupepeta mpunga, jani au pumba huchapa jicho, linauma kidogo, na mtu anaendelea na kazi. Mchubuko wa konea, hata usioonekana, ni mlango wa bakteria na fangasi walioko kwenye mmea. Siku ya tatu au ya tano jicho huwa jekundu, linauma, halitaki mwanga, na doa la kijivu hujitokeza. Nimemwona mama mmoja wa makamo aliyefika hospitalini wiki tatu baada ya kuchapwa na jani la muhindi, akiwa amekwisha kutia maji ya majani, kisha matone ya steroidi ya mwanawe, kisha maji ya majani tena, jicho halikuokolewa. Angekuja siku ya kwanza, malhamu ya antibiotiki ya bei ndogo kwa siku tatu ingeweza kuuzuia ugonjwa usianze.

Kwa hiyo, jicho likichapwa na mmea na likaendelea kuuma baada ya saa chache, nenda kituo cha afya ukapakwe rangi ya floresini, ambayo hung'aa kijani mahali palipochubuka. Kidonda kikishakuwepo, matibabu ni matone ya kila saa, usiku na mchana, kwa siku za mwanzo, na kama ni fangasi dawa ni natamaisini, ambayo huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana wagonjwa wengi hulazwa: hakuna anayeamka kila saa nyumbani.

Hatua ya tano: uoni unaofifia polepole bila maumivu

Magonjwa yanayopofusha watu wengi zaidi hayaumi wala hayawashi. Yako manne, nayo hayafanani hata kidogo katika jambo moja la msingi: baadhi hurudishwa, baadhi huzuiwa tu.

Mtoto wa jicho ndiyo sababu ya kwanza ya upofu duniani, na ndiyo inayotibika kwa uhakika zaidi. Lenzi iliyo nyuma ya mboni huchafuka kama kioo cha dirisha kilichopigwa na moshi. Uzee ndiyo sababu kuu, lakini kisukari, kipigo cha jicho, uvutaji wa sigara, jua kali la miaka mingi na steroidi huuharakisha, na mtoto anaweza kuzaliwa nao ikiwa mama alipata rubela katika mimba. Mgonjwa huona ukungu, taa za magari humtawanyikia usiku, na wengine hushangaa kwamba wanasoma bila miwani waliyoizoea, jambo wanalolidhania kuwa ni kupona. Hakuna matone, kidonge, wala mti shamba unaoisafisha lenzi. Tiba ni upasuaji peke yake. Ganzi huwekwa kuzunguka jicho, mgonjwa akiwa macho, lenzi chafu hutolewa kupitia tundu dogo na ya plastiki kuwekwa badala yake, na kazi huchukua takriban nusu saa. Lenzi hiyo ya bandia ina historia ya ajabu: daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vya plastiki kutoka kwenye vifuniko vya ndege, vilivyobaki machoni mwa marubani wa Vita vya Pili vya Dunia, havikuleta uvimbe, akapandikiza ya kwanza mwaka 1949 katika hospitali ya St Thomas'. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi.

Si lazima tena kusubiri mtoto wa jicho "aive", kama wazee wetu walivyoambiwa. Wakati wa kufanyiwa upasuaji ni pale ukungu unapokuzuia kufanya unachohitaji kufanya, iwe ni kusoma, kushona au kuvuka barabara. Ukingoja mpaka mboni iwe nyeupe kabisa, upasuaji huwa mgumu zaidi na lenzi iliyoiva kupita kiasi inaweza kuvimba na kupandisha presha. Kwa Tanzania, hospitali za CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na Muhimbili hufanya kazi hii, na kwa Kenya kuna Kikuyu, Sabatia na vituo vya macho vya Mombasa na Kwale. Uliza pia hospitali ya wilaya yako, kwa kuwa timu za upasuaji husafiri. Baada ya upasuaji utatumia matone kwa takriban wiki nne, hutasugua jicho, na maji hayataingia jichoni kwa wiki ya kwanza. Utahitaji miwani ya kusomea. Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, mara nyingi ni ule utando ulioshikilia lenzi ndio uliochafuka, na mwale wa leza huufungua kwa dakika chache.

Presha ya jicho, yaani glakoma, ni kinyume cha mtoto wa jicho karibu katika kila kitu. Maji yanayozalishwa ndani ya jicho hushindwa kutoka kwa kasi inayotakiwa, presha hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Mtu huanza kugonga milango, kukanyaga vitu, kushtuka kwa pikipiki zilizotokea ubavuni, huku bado akisoma gazeti vizuri. Kiwango cha kawaida cha presha ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoumia wakiwa chini ya 21. Haihusiani moja kwa moja na presha ya damu, hivyo kupimwa mkono si kupimwa jicho. Uoni uliopotea haurudi kwa dawa wala upasuaji. Kinachotibiwa ni ule uliobaki, na neno hilo lapaswa kusemwa wazi kwa mgonjwa, la sivyo ataacha matone mwezi wa pili kwa kuona kwamba hayamsaidii.

Watu weusi huipata glakoma mapema na kwa ukali zaidi, na aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu yuko katika hatari kubwa mara kadhaa kuliko wengine. Kwa hiyo, akigunduliwa mmoja katika ukoo, wote waliofika miaka 35 au 40 wakapimwe presha na mshipa wa jicho. Matibabu ni matone ya kila siku kwa maisha yote, kwa kawaida timololi au latanoprosti, au leza, au upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji. Kwetu, ambako dawa hukosekana na nauli ni shida, upasuaji wa mapema mara nyingi ndio uamuzi wa busara kuliko matone yatakayokatika. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuanza timololi, maana tone lake huingia kwenye damu na linaweza kubana kifua.

Kisukari huharibu mishipa midogo ya retina kwa miaka kabla mgonjwa hajaona lolote. Mwenye kisukari cha ukubwani achunguzwe macho tangu siku anapogunduliwa na kila mwaka baada ya hapo; leza na sindano za ndani ya jicho hufanya kazi nzuri zikiwahi, na sukari na presha ya damu vikidhibitiwa uharibifu hupungua. Siku ya uchunguzi utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi usiende ukiendesha gari.

La nne si ugonjwa hasa: ni hitaji la miwani. Baada ya miaka 40 kila mtu huanza kusogeza simu mbali ili asome. Fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi, au mama anayeshindwa kuchambua mchele, anaweza kurudi kazini kwa miwani ya kusomea isiyo ghali. Lakini mwone mtaalamu akupime mara moja kabla ya kununua ya barabarani, kwa kuwa ni siku hiyohiyo atakayopima na presha.

Hatua ya sita: angalia unapoishi

Vikope, ambavyo wataalamu huviita trakoma, ni ugonjwa wa maeneo makavu yenye maji haba na nzi wengi: sehemu za Dodoma, ambako wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu kwa miongo, maeneo ya wafugaji wa Kimaasai pande zote za mpaka wa Tanzania na Kenya, na Turkana. Bakteria hupita kutoka uso mchafu wa mtoto mmoja hadi mwingine kupitia mikono, nguo na nzi. Maambukizi yanayorudiwa utotoni huacha makovu ndani ya kope, na makovu hayo, mtu akiwa mzima, huikunja kope hadi nywele zake zinakwaruza konea kila anapopepesa. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto. Anayeng'oa nywele hizo kwa koleo hupata nafuu ya muda. Upasuaji mfupi wa kugeuza kope, unaofanywa hata kwenye kituo cha afya, ndiyo tiba. Kwa jamii nzima, azithromaisini ya kumeza mara moja kwa mwaka, nyuso safi, vyoo na maji vimeuondoa ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma Ghana mwaka 2018 na Malawi mwaka 2022. Kwa hiyo, wagawaji dawa wakipita kijijini, meza hata kama huumwi.

Usubi, ugonjwa wa minyoo, huambukizwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito inayokwenda kasi, kama ya Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na milima ya Tanga. Huanza kwa ngozi kuwasha na vinundu, na minyoo michanga ikifika jichoni huleta upofu usiorudi. Ivermektini, ambayo kampuni ya Merck imeitoa bure kwa ugonjwa huu tangu 1987, huua minyoo michanga tu, nayo mikubwa huishi zaidi ya miaka kumi, ndiyo sababu dawa hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Kwa wasomaji wa misitu ya Kongo kuna tahadhari: palipo na mnyoo wa loa, dawa hiyo inaweza kudhuru, hivyo imezwe chini ya mpango wa afya, si kwa kununua sokoni.

Hatua ya saba: mtoto ana saa yake

Mtoto mchanga anayetoka usaha machoni katika mwezi wa kwanza apelekwe siku hiyohiyo. Kisonono kutoka njia ya uzazi kinaweza kutoboa konea kwa siku chache, na tiba ni ya sindano kwa mtoto pamoja na dawa kwa wazazi wote wawili. Tetrasaiklini inayopakwa mara tu baada ya kuzaliwa ndiyo kinga, basi mama aiulize.

Mboni inayong'aa nyeupe, mara nyingi ikionekana kwanza kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, huenda ni mtoto wa jicho au saratani ya retina, na zote mbili ni za haraka. Saratani hiyo hutibika ikiwahiwa, na huua ikicheleweshwa. Makengeza hayaishi yenyewe, wala si alama ya bahati. Jicho lililopinda hupuuzwa na ubongo, na likiachwa hadi baada ya miaka saba au minane, kulinyoosha hakurudishi uoni. Mtoto anayejikwaa jioni wenzake wanapoona vizuri huenda ana upungufu wa vitamini A. Apewe dozi ya kituoni, akiwa kati ya miezi 6 na miaka 5, kila baada ya miezi sita, na nyumbani ale maini, viazi lishe, mawese, embe, mchicha na matembele. Surua huimaliza vitamini hiyo haraka, kwa hiyo chanjo ya surua ni chanjo ya macho pia.

Hatua ya nane: tia dawa ipasavyo

Dawa nzuri iliyotiwa vibaya hutiririkia shavuni. Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini liwe kama mfuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha fumba taratibu na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isishuke kooni. Tone la pili la dawa nyingine lisubiri dakika tano, na malhamu iwe ya mwisho. Mwenye mikono inayotetemeka alale chali na asaidiwe.

Chupa ikifunguliwa, andika tarehe juu yake kwa kalamu, na uitupe baada ya wiki nne hata kama imebaki nusu. Nyumbani kwetu ilikuwapo moja iliyohudumia watu watatu kwa mwaka mzima, na hakuna aliyekumbuka iliandikiwa nani. Unapokwenda kliniki, ibebe pamoja na nyingine zote ulizokwisha kutia, zikiwamo za mitishamba, na miwani yako ya zamani, kisha umtaje mbele ya daktari kila ndugu wa damu aliyepofuka, hata kama nyumbani ilisemwa ni uzee.